Aliyetuma Ndiye Aliyepiga

Somo: 1 Wafalme, sura ya 21



Fungueni sura hiyo mwisome wenyewe, maana ndani yake kuna jambo ambalo wengi wetu tunalipita mbio. Mfalme Ahabu alilitamani shamba la mizabibu la Naboti wa Yezreeli, lililopakana na jumba lake. Naboti akakataa kuliuza, kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake. Ahabu akarudi nyumbani amenuna, akajilaza kitandani, akaugeuza uso wake, chakula akakisusa. Ndipo Yezebeli mkewe akaandika barua kwa jina la mfalme, akazipiga muhuri wa mfalme, akazipeleka kwa wazee wa mji. Wazee wakatii. Wakaitisha baraza, wakawakalisha waongo wawili mbele ya Naboti, wakamshuhudia kwamba amemtukana Mungu na mfalme. Naboti akatolewa nje ya mji, akapigwa mawe, akafa.

Sasa hesabuni mikono iliyofanya kazi hiyo. Ahabu hakuandika barua. Hakutoa ushahidi. Hakuokota hata kokoto. Angeshitakiwa leo, wakili wake angesimama kifua mbele na kusema: Mheshimiwa Jaji, mteja wangu hakuwepo, hakuamuru, hakujua. Lakini Mungu alipomtuma Eliya Mtishbi, hakumtuma kwa waliorusha mawe, wala kwa mashahidi wa uongo, wala kwa wazee wa baraza. Alimtuma shambani, kwa Ahabu, aliyekwenda kulitwaa shamba la marehemu. Na mashitaka yalikuwa mawili: umeua, na umetwaa.

Kwa nini Ahabu? Kwa sababu muhuri ulikuwa wake, na shamba lilikuwa linakuwa lake. Jambo lilitendeka kwa jina lake, na faida yake ikaingia mikononi mwake. Na tazameni hili: Yezebeli alipomwambia kwamba Naboti amekufa, Ahabu hakuuliza amekufaje. Mtu mzima aliyekataa bei ya mfalme juzi tu, leo ni maiti, na mfalme hana hata swali moja! Aliinuka akaenda kuchukua shamba. Kule kutouliza kwake ndiko kulikomhukumu.

Hilo ndilo neno langu kwenu, na sina lingine: aliyetuma ndiye aliyepiga.

Simu zilizopigwa kwa jina la mwingine

Mtasema hayo ni mambo ya kale, ya wafalme na manabii. Basi twendeni Marekani, jimbo la Colorado, mji wa Englewood, tukaone neno hili likisimama mahakamani katika siku zetu hizi.

Huko ndiko yaliko makao ya Dish Network, kampuni ya televisheni ya setilaiti. Charlie Ergen, mkewe na rafiki yao walianza mwaka 1980 wakiuza yale madishi makubwa ya zamani. Mwaka 1996 wakaanza kurusha matangazo yao wenyewe kwa jina la Dish, na haikuchukua muda mrefu madishi yao madogo yakawa juu ya mapaa ya mamilioni ya nyumba. Hapo hakuna dhambi. Mtu akihangaika na Mungu akambariki, tumpongeze.

Lakini mamilioni ya wateja hawaji wenyewe. Kampuni ilitumia mawakala. Wakala alipiga simu, akamshawishi mtu, akaingiza oda moja kwa moja kwenye mfumo wa kompyuta wa Dish. Wakala akapata kamisheni yake. King'amuzi kikafungwa, na tangu siku hiyo malipo ya kifurushi yakawa yanakwenda Dish mwezi baada ya mwezi. Shikeni mambo hayo mawili, jina la nani na faida ya nani, kwa sababu tutayahitaji.

Sasa, Wamarekani walikuwa wamechoshwa na simu za wauzaji. Mwaka 2003 serikali yao ikafungua daftari la taifa: ukiandikisha namba yako humo, mfanyabiashara asiyekujua haruhusiwi kukupigia ili akuuzie kitu. Na sheria ya mwaka 1991 ilikuwa imekwisha kumpa mwananchi meno. Ukipigiwa zaidi ya mara moja ndani ya miezi 12 kinyume cha katazo hilo, waweza kudai hadi dola 500 kwa kila simu. Ikithibitika kwamba imefanywa kwa makusudi, jaji ana ruhusa ya kuzidisha fidia hadi mara tatu. Na sikieni vizuri: sheria hiyo haikuishia kwa yule anayebonyeza namba. Ilimshika pia yule ambaye simu inapigwa kwa niaba yake. Watunga sheria wa Washington walikuwa wameona kile alichokiona Eliya.

Mwanamume mmoja wa North Carolina aliandikisha namba ya nyumbani kwake mwaka huohuo wa 2003. Mei 2009 simu yake ikalia. Aliyepiga alikuwa wakala wa California aliyeitwa Satellite Systems Network, anauza Dish. Yule bwana hakulalamika kwa wakala. Alilalamika kwa Dish yenyewe, kwa mwenye muhuri. Kampuni ikamwambia wakala asimpigie tena mtu huyo. Basi. Wengine wangapi walikuwa wanapigiwa? Hakuna aliyeenda kuhesabu. Na hata huyo mmoja, simu hazikukoma.

Wapendwa, laiti hadithi ingeishia hapo tungesema ni uzembe. Lakini sikilizeni kilichofuata. Julai 2009 Dish iliweka saini ahadi na wanasheria wakuu wa majimbo 46. Ililipa karibu dola milioni 6, na ikajifunga kuwasimamia mawakala wake, kuwaadabisha wanaovunja sheria, na kuwafukuza ikibidi. Ahadi ya maandishi! Majimbo 46! Na haukupita hata mwaka mmoja. Kati ya Mei 2010 na Agosti 2011, wakala yuleyule mmoja aliwapigia watu waliojiandikisha katika daftari simu 51,119. Wakala mmoja tu, nimesema, na miezi 15 tu.

Kesi ikafunguliwa mwaka 2014 kwa niaba ya watu wote hao, 18,066 kwa idadi, na Januari 2017 ikasikilizwa Greensboro mbele ya jopo la raia wa kawaida. Utetezi wa kampuni ulikuwa upi? Mnaujua tayari, maana ni utetezi wa Ahabu. Huyo si mtu wetu. Huyo ni mkandarasi huru, na mkataba umeandika hivyo kwa maneno meusi kwenye karatasi nyeupe. Raia wale wakasikiliza siku tano, kisha wakarudi na jibu: alikuwa mtu wenu. Alitumia jina lenu, aliuza mali yenu, mlikuwa na uwezo wa kumwongoza na kumwachisha, nanyi mlijua anachokifanya. Dola 400 kwa kila simu. Jaji Catherine Eagles akaona kwamba kosa lilikuwa la makusudi, akazidisha mara tatu: dola 1,200 kwa kila simu, jumla zaidi ya dola milioni 61. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo, ikasema wazi kwamba kumwita mtu mkandarasi huru katika mkataba hakumfanyi awe hivyo. Kampuni ikabisha hodi Mahakama ya Juu. Mlango haukufunguliwa.

Na hiyo ilikuwa kesi ndogo! Mwaka 2009 serikali ya Marekani, pamoja na majimbo ya California, Illinois, North Carolina na Ohio, ilikuwa imeishitaki Dish huko Illinois. Huko mahakama ilikuta simu zaidi ya milioni 66 zilizovunja kanuni, nyingine zimepigwa na kampuni yenyewe, nyingine na mawakala wake. Mwaka 2017 ikaamuru zilipwe dola milioni 280. Mahakama ya Rufani mwaka 2020 ikaagiza hesabu ya fedha ipigwe upya, lakini juu ya mawakala haikuyumba: waliotumwa walikuwa wa Dish. Desemba 2020 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 210, yaani milioni 126 kwa serikali kuu na milioni 84 kwa majimbo manne.

Milioni 210! Na nyingi katika hizo ni kwa ajili ya simu ambazo wakubwa wa Englewood hawakuzibonyeza kwa vidole vyao.

Uso uliogeuzwa

Sasa tuulizane: dhambi iliingilia wapi? Haikuingilia kwenye kuwa na mawakala. Musa alikuwa na wakuu wa maelfu na wakuu wa mamia. Bwana wetu mwenyewe alituma watu wawili wawili. Kutuma ni jambo la heshima. Dhambi iliingilia pale habari mbaya ilipofika mezani, na mwenye meza akaugeuza uso wake.

Malalamiko juu ya wakala yule yalikuwa yameifikia kampuni miaka kadhaa kabla ya kesi. Kila lilipokuja jipya lilishughulikiwa kama jambo la mtu mmoja: futa namba yake, tuendelee. Na wale waliokwenda mahakamani, Jaji Eagles aliandika, ndani ya kampuni walionekana kama wavunaji, watu wanaotafuta kuvuna pesa kwa kesi. Mnaona mwendo wa moyo wa mwanadamu? Ahabu alipomwona Eliya shambani, jambo la kwanza kinywani mwake lilikuwa kumwita adui yake. Yezebeli aliyechafua jina lake hakumwita adui. Anayekuletea habari za uovu unaotendwa kwa jina lako, huyo ndiye unayemwona mbaya!

Ndugu yangu mwenye kampuni, mwenye duka, mwenye shule, mwenye magari: jiulize leo nani unayemwita msumbufu. Yule mteja anayerudi kila wiki na lalamiko lilelile. Yule mhasibu anayesema namba hizi hazikai sawa. Yule mama wa usafi aliyekuambia msimamizi wako anawatoza vibarua ili wapate zamu. Umemwita mchonganishi. Huenda ni Eliya.

Na msidhani sheria hii ya aliyetuma ni ya watu na maneno tu. Oktoba 2023 kampuni hiyohiyo ya Dish ilikubali kulipa faini ya dola 150,000 kwa Tume ya Mawasiliano ya Marekani, faini ya kwanza ya aina yake, kwa sababu ya setilaiti iliyozeeka. EchoStar-7 ilirushwa mwaka 2002. Mpango ulioidhinishwa ulisema kwamba ikimaliza kazi itasogezwa kilomita 300 juu ya njia yake, isije ikawa hatari kwa setilaiti nyingine. Mafuta yakapungua mapema kuliko hesabu, na ikaishia kilomita 122 hivi. Mwenye kuirusha akaulizwa. Hakikubaliwa kisingizio kwamba iko mbali, maelfu ya kilomita juu ya vichwa vyetu, mahali ambapo hakuna mkono wa mtu unaofika. Ikiwa chuma kisicho na roho kina mwenyewe wa kukijibia hata huko juu, je, kijana uliyempa fulana yenye jina lako, kitabu cha risiti na pikipiki, hana mwenyewe?

Wewe uliyetuma

Nirudi nyumbani sasa, kwa maana Colorado ni mbali na hatuna budi kuhukumiwa hapa tulipo.

Ipo mikopo ambayo mitaani watu wameipa jina lake la haki: kausha damu. Mama lishe anakopa laki mbili, anachelewa siku tatu. Nani anayempigia saa nne usiku? Nani anayempigia shemeji yake, mwenyekiti wa kikoba chake, mwalimu wa mwanawe, akawaambia kwamba huyu ni tapeli? Ni kijana aliyeajiriwa kupiga simu, analipwa kwa kila deni analolirudisha. Na mwenye mtaji yuko wapi? Yuko kanisani, ndugu zangu. Amevaa suti. Yuko msikitini, amevaa kanzu nyeupe. Ukimuuliza atakuambia: mimi nimetoa mtaji tu, mambo ya ukusanyaji nimewaachia vijana.

Umewaachia! Na marejesho umeyaachia nani?

Serikali zetu zimeanza kuamka. Kenya, mwaka 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni moja ya kukopesha kwa simu faini ya shilingi milioni 5 za Kenya, baada ya watu kulalamika kwamba namba zao zilichukuliwa kwenye simu za wakopaji na wao wakaanza kusumbuliwa. Tanzania, Novemba 2024, Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 ya kukopesha mtandaoni yasiyo na kibali. Ni vizuri. Lakini mkisubiri serikali iwashike ndipo muanze kumcha Mungu, mtakuwa mmechelewa mara mbili.

Wala sisemi na wakopeshaji peke yao. Nasema na wewe mwenye nyumba uliyemtuma dalali akamtoe mpangaji mwenye mtoto mchanga, kisha ukaenda safari ili usiwepo siku vyombo vinatupwa nje. Nasema na wewe mwanasiasa mwenye vijana wako wa kampeni: walimpiga mtu, wewe ukatoa tamko la kusikitishwa, na jioni ukawapelekea posho. Nasema na wewe mkandarasi uliyeshika tenda ya barabara, ukaigawa kwa fundi mdogo, naye akaigawa kwa mwingine, na vibarua hawajalipwa miezi miwili. Kila mmoja anamwonyesha kidole aliye chini yake, mpaka kidole cha mwisho kinaishia hewani. Nasema na sisi wachungaji na wazee wa kanisa. Tunawatuma watu wakakusanye ahadi za ujenzi, nao wanamtisha mjane kwa jina la Bwana, na sisi tunapokea bahasha, tunaiombea, wala hatuulizi imetokaje. Wachungaji wenzangu, msinikasirikie! Mungu atatudai sisi zaidi, kwa kuwa jina tulilowapa walibebe ni kubwa kuliko jina la kampuni yoyote.

Najua yupo anayesoma hapa huku anatikisa kichwa. Anasema: Mchungaji, unanibebesha dhambi za watu. Nina wafanyakazi 40, nitamlinda kila mmoja? Ndugu, swali lako ni la haki, na nitalijibu kwa haki. Huwezi kuwa kila mahali, na hakuna aliyekudai hilo. Kuna matapeli wanaojitwalia jina la mtu bila ridhaa yake, na mwenye jina hana hatia. Kuna mtumishi anayetenda uovu gizani mara moja, bwana wake akisikia anamchukulia hatua, na huyo bwana amejiosha. Lakini jipime kwa maswali haya. Je, ulimpa jina lako? Je, unaweza kumzuia ukitaka? Je, umekwisha kusikia anachokifanya? Je, unapata faida kwa anachokifanya? Ukijibu ndiyo mara nne, usinitajie mkataba. Raia wa Greensboro waliuona mkataba kama huo, wakauweka pembeni.

Wewe uliyetumwa

Na wewe uliyetumwa, usijifiche nyuma yangu ukishangilia jinsi nilivyomkemea bosi wako. Wahenga walisema mjumbe hauawi, na walisema kweli, kwa kuwa anayebeba habari si mwenye habari. Lakini wale wazee wa Yezreeli hawakubeba habari. Walibeba mtu wakamtoa nje ya mji. Barua ilipofika mikononi mwao walikuwa baraza zima, watu wenye mvi, wanaomjua Naboti tangu utoto wake, na hakuna hata mmoja aliyesema: barua hii hatuitekelezi. Mmoja tu angesimama!

Kijana wangu unayekaa kwenye kituo cha kupiga simu, unayesoma maneno uliyoandikiwa ili kumtisha mtu usiyemjua. Binti yangu uliyeambiwa mwambie mteja bosi hayupo, ilhali unasikia kikohozi chake nyuma ya mlango: najua ajira ni ngumu, najua kodi ya chumba haingoji. Sikuambii uache kazi leo ukalale njaa. Nakuambia uanze kwa neno moja dogo ambalo wazee wa Yezreeli walishindwa kulisema. Sema: hili siliwezi, bosi, nipe lingine. Liseme kwa adabu. Liandike, ubaki na nakala. Huenda ukaonekana mkaidi. Huenda pia ukawa ndiye uliyemwokoa bosi wako na hukumu.

Wewe uliyepigwa

Nina neno pia kwa aliyeumia. Wengi wenu mmefundishwa kwamba Mkristo mwema hashitaki, anaomba na kunyamaza. Ni kweli tumekatazwa kupelekana mahakamani kwa visasi na majivuno, ndugu kwa ndugu. Lakini Bwana Yesu mwenyewe alitufundisha juu ya mjane aliyemwendea kadhi dhalimu, akamwendea tena, akamwendea tena, mpaka kadhi akachoka akampa haki yake. Hakumlaumu yule mjane kwa kupenda kesi. Alimfanya mfano wa kuomba bila kukata tamaa.

Yule bwana wa North Carolina alipigiwa mwaka 2009. Hukumu yake ilithibitishwa mwaka 2019. Miaka 10! Na kwa ajili ya nini? Simu. Mlio wa simu, kitu ambacho jirani yako angekuambia kiache tu, si uikate? Lakini kwa kuwa mmoja hakukubali kuambiwa kwamba ni kitu kidogo, watu 18,066 walipata haki ambayo kila mmoja peke yake asingeweza kuifuata. Hivyo ndivyo dhuluma kubwa za siku hizi zilivyotengenezwa: zinagawanywa vipande vidogo vidogo, kila mtu anapewa kipande chake, na kila mtu anaona aibu kulalamikia kipande. Shilingi mia tano imekatwa hapa, kifurushi kimeisha kabla ya siku zake pale, risiti haikutoka kule. Wekeni vipande hivyo pamoja muone ukubwa wa mnyama!

Kwa hiyo, tunzeni ushahidi. Ujumbe wa vitisho usiufute kwa hasira, uhifadhi. Andika tarehe, saa, namba, na aliyezungumza alijitambulisha kwa jina la nani. Mkiwa wengi mlioumizwa na mkono mmoja, kaeni pamoja, pelekeni lalamiko moja. Zipo mamlaka za mawasiliano, zipo tume za kulinda taarifa za watu, yupo wakili atakayewasikiliza. Na mnapolalamika, msiishie kwa kijana aliyepiga. Tafuteni muhuri ni wa nani.

Toba ya Zakayo

Mwisho nawaita kwenye toba, na nataka niwaambie ni toba gani, kwa kuwa iliyo nyingi mjini ni ya bandia.

Karibu dola milioni 6 zililipwa mwaka 2009, na simu zikaendelea. Hiyo haikuwa toba, ilikuwa ushuru wa kupita na dhambi. Na wangapi kati yetu tunalipa ushuru huo kila Jumapili! Fungu la kumi limetoka kwenye mikopo ya kausha damu. Sadaka ya shukrani imetoka kwenye mishahara iliyocheleweshwa. Tumejenga mnara wa kanisa, na kibarua aliyechanganya zege hajalipwa. Msimpe Mungu kamisheni, ndugu zangu. Yeye si wakala wenu.

Mtazameni Zakayo. Mara nyingi tunamhubiri kwa ufupi wake na mti wake, tunasahau cheo chake. Alikuwa mkuu wa watoza ushuru. Mkuu! Maana yake alikuwa na watu chini yake, waliokaa njiani na malangoni, wakiwatoza watu kuliko ilivyopasa, naye akiwa mjini akipokea. Angeweza kumwambia Bwana: mimi sijamnyang'anya mtu, ongea na vijana wangu. Hakusema hivyo. Alisimama akalibeba lote, akaahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kila aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne.

Mara nne, wapendwa! Mahakama ya Greensboro ilizidisha mara tatu, baada ya miaka ya kesi, mawakili na gharama. Zakayo alizidisha mara nne siku hiyohiyo, hakuna jaji, hakuna jopo, hakuna aliyemshitaki. Na Bwana akasema wokovu umefika katika nyumba hiyo. Hata Ahabu, mbaya kama alivyokuwa, alipochana mavazi yake na kujinyenyekeza, Mungu aliliona jambo hilo na kuliahirisha baya lililokuwa njiani. Basi asikate tamaa mtu yeyote. Mlango uko wazi leo, na kuingia kwake ni rahisi kuliko kesi.

Ingieni! Wewe mwenye vijana wa ukusanyaji, wewe mwenye dalali, wewe mwenye wakala, wewe mwenyekiti, wewe mchungaji mwenzangu. Usiku wa leo kabla hujalala, mpigie simu mtu uliyemtuma na umuulize: unafanya nini kwa jina langu? Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize. Ukisikia kwamba yuko mtu anayeonewa, zuia jambo hilo usiku huohuo. Na kesho asubuhi usimtume mwingine akaombe radhi. Nenda wewe.

Amina.